Mashine Iliyomtaka Mama

Ukifungua kile kifuniko kidogo cha betri, harufu inatoka yote kwa mkupuo: kutu ya betri zilizovuja, moshi wa kuni, na vumbi la mawe. Hilo vumbi huenda nalinusa peke yangu. Kaka zangu waliinusa mmoja baada ya mwingine, wakasema ni harufu ya panya, wakanirudishia. Wiki ile tulikuwa tumemzika Baba, tunagawana vitu vyake pale nyumbani Susuni, na mimi nilikuwa nimeomba kitu kimoja tu: redio kaseti yake ya kurekodia, pamoja na kaseti iliyobaki ndani yake. Walicheka. Mdogo wetu akasema, "Dada, chukua basi hata kitanda, hiyo haiimbi tena." Sikutaka kitanda. Mama alifariki nikiwa sekondari, na sauti yake ilinitoka masikioni kidogo kidogo hata sijui iliisha lini. Niliamini kwamba ndani ya mashine ile amebaki kidogo.

Wewe uliyekua enzi zangu unaijua aina yenyewe. Si yale makubwa ya spika mbili yaliyobebwa begani. Ni ile bapa, ndogo, yenye mpini, vitufe vimejipanga mbele, kimojawapo chekundu. Ni enzi zile tulipokuwa tukizungusha utepe kwa kalamu na kuanika betri juani zipate nguvu kidogo za kumalizia wimbo. Ukiwaeleza watoto wa siku hizi wanakuonea huruma, kana kwamba unawasimulia njaa.

Baba alikuwa mpiga litungu. Kwa asiyelijua, ni chombo cha nyuzi nane, tumbo lake la mti limewambwa ngozi ya ng'ombe, na ni kikubwa hivi kwamba mimi wa wakati ule ningeweza kujificha nyuma yake. Uzi wake mnene ukigongwa husikii kwa masikio tu, unasikia na tumboni. Baba alipiga jioni, jua likiwa bado lipo, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba.

Nyuma ya nyumba, upande wa pili wa ukuta, ndiko lilikokuwa jiwe la Mama la kusagia. Mama hakuwa mtu wa Susuni. Alitokea Robanda, kule ambako shamba la mtu na mbuga ya wanyama havina ukuta kati yake, na alisaga ulezi kama walivyosaga kwao: anasukuma jiwe mara tatu, anatulia kidogo, anasukuma tena mara tatu. Wanawake wa kwetu walisaga moja kwa moja bila kituo, basi walimcheka sana. Walisema anatulia ili asikilize kama tembo wameshaingia shambani.

"Kwetu usiposikiliza unalala njaa," Mama aliwajibu, na hakubadili.

Baba hakugusa litungu mpaka jiwe lianze. Hilo kila mtu alilijua, na majirani walilitafsiri kwa ubaya kama kawaida ya majirani. Walisema Mwita akishaona mke ameshika kazi, yeye anashika nyuzi. Na mimi, niseme ukweli, niliona hivyohivyo. Mama anafanya kazi, Baba anacheza. Haikuwahi kunijia akilini kwamba watu wawili wasioonana, kila mmoja upande wake wa ukuta, wanaweza kuwa wanafanya jambo moja.

Kisha ikaja dhahabu. Ilikuwepo siku zote, bila shaka, lakini mwaka ule ilikuwa kana kwamba imetangazwa kanisani. Vijana waliacha majembe shambani yakiwa yamesimama. Mwalimu wetu wa hesabu aliaga kwenda kumzika shangazi na hatukumwona tena. Kila aliyekuwa na mikono alikwenda Nyamongo, na Baba naye akaenda. Aliteremka duarani, yaani lile shimo lenyewe wanalochimba, siku moja tu. Akapanda juu, akajipangusa, akarudi nyumbani.

"Mimi sikuzaliwa panya," alisema.

Wanaume walimcheka. Lakini Baba hakurudi mikono mitupu, alirudi na wazo. Alikuwa ameona kwamba kila kibanda cha pombe kule machimboni kina redio, na kila redio inapiga kaseti za bendi za kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, za watu ambao hawajui hata Tarime iko wapi. Vijana wa Kikurya wanakaa pale na vumbi lao wanasikiliza muziki wa wengine.

"Wakisikia litungu hawa watalia," alimwambia Mama. "Nitarekodi hapahapa nyumbani. Nitauza kaseti."

"Na mashine ya kurekodi itatoka wapi?" Mama aliuliza.

Baba aliangalia zizi. Mama akafuata macho yake mpaka yakamfikisha kwa yule mtamba mwekundu, ambaye ndama wake sote tulikuwa tumeshagawana kichwani. Kwa Mkurya kuuza ng'ombe ili aoe, sawa. Auze amtibu mgonjwa, sawa. Kuuza mtamba ununue kitu cha kusikiliza ni jambo la kuitiwa kikao cha ukoo.

Siku ya kwenda Tarime kuchagua mashine, Mama alinituma niende na Baba. "Wewe ni macho yangu," aliniambia huku akinifunga kitambaa kichwani. "Akichagua kwa sababu inang'aa, uje uniambie."

Duka lilikuwa la Mzee Shabani, mtu wa pwani aliyezeekea Tarime, fundi na muuza redio, mpole, mwenye kofia nyeupe ambayo sijui aliiwekaje safi kwenye vumbi lile. Alituwekea mashine mbili juu ya meza. Moja kubwa, spika mbili, taa ndogo zinazoruka juu na chini kufuata muziki. Nyingine ndiyo hii ndogo bapa.

"Nikushauri, bwana Mwita," Mzee Shabani alisema. "Mtu wa kurekodi nyumbani hahitaji mambo mengi. Taa usizinunue, taa hazirekodi. Tazama kama ina tundu la kipaza sauti. Tazama kama inakwenda kwa betri, maana kwako hakuna umeme. Na kaseti nunua mpya, usichukue iliyokwisha kutumika, ile inabaki na sauti za watu wengine chini yake."

Baba alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaanza kuchagua kama alivyojua yeye kuchagua. Alizunguka meza. Aliinua ile kubwa akapima uzito. Alivuta eriali yake mpaka mwisho, akaiangalia ilipoota. Alipitisha kidole kwenye vitufe kimoja kimoja. Aliinama akanusa mgongoni.

"Unatafuta nini, bwana?" Mzee Shabani aliuliza.

"Meno."

"Hii si ng'ombe."

"Si umesema inakula betri? Basi mimi naangalia meno." Baba alinyooka. "Mzee wangu, kwetu ng'ombe hainunuliwi kwa kuangaliwa sokoni. Sokoni kila ng'ombe iko na adabu. Lazima ilale kwangu niione inavyokula na inavyohema. Hizi zote mbili zitalala kwangu."

Nilidhani tutafukuzwa. Mzee Shabani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. Mwisho alikubali, ila baiskeli ya Baba ibaki dukani mpaka mashine moja irudi. Tukatembea mpaka nyumbani, Baba amebeba ile kubwa, mimi nimebeba hii ndogo kifuani kama mtoto mchanga, na njia nzima watu walitusalimia wakiwa wamekwisha kuanza kucheka.

Jioni ile, mashine kubwa ilijaribiwa kwanza. Jiwe likaanza nyuma ya nyumba, Baba akapiga, nami nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama nilivyofundishwa. Ilipojirudia, tulisikia litungu, lakini tulisikia na kila kitu kingine: kuku, mbuzi, Bibi mzaa Baba akikohoa kwa ajili ya ugoro wake, na juu ya yote hayo jiwe, grr, grr, grr, kimya, grr, grr, grr.

"Hii haina ubaguzi," Baba alisema kwa uchungu. "Imekula mpaka jiwe la mama yako."

Kesho yake ikawa zamu ya ndogo. Hii ilikuwa na kipaza sauti chake chenye waya, ambacho Baba alikifunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kigoda, karibu kabisa na ngozi ya litungu. Ikatoka vizuri ajabu. Litungu lilikuwa mbele, nene, linatembea. Jiwe lilisikika mbali, kama kitu cha nyumba ya jirani.

"Hii inamsikiliza anayesema nayo tu," Baba alisema, akaipigapiga ubavuni. "Hii ndiyo ng'ombe yangu."

Mtamba aliuzwa. Siku ya pili yake Mama alifunga nguo zake kwenye kanga. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha, maana Mama alikuwa hodari wa kugomba. Alisimama uani akasema, sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtamba amekwenda, mvua haieleweki, na yeye anafuatana na wenzake Nyamongo kutwanga mawe ya dhahabu.

"Kaseti yako ikianza kuuzwa, Mwita, uje unichukue," alisema. "Isipouzwa, nitakuwa hukohuko."

Nilimshika kanga. Aliitoa mikononi mwangu taratibu, kidole kimoja kimoja. "Msaidie baba yako amalize haraka," aliniambia. Basi nikajua kazi yangu duniani. Kaseti ikiwa nzuri, Mama anarudi. Ikiwa mbaya, Mama harudi. Sijawahi kuelewa jambo lolote kwa wepisi ule tena maishani mwangu.

Na kaseti ikawa mbaya.

Nasema mbaya, lakini ukiniuliza ubaya wake ulikuwa nini ningeshindwa kukueleza, na Baba naye alishindwa. Sauti ilikuwa safi kuliko siku ya majaribio. Nyumba ilikuwa kimya, kwa kuwa Bibi hakuwa na nguvu za kusaga tena na unga wetu sasa ulitoka mashine ya kusaga ya pale senta. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na mtu. Lilikuwa litungu tupu. Lakini wimbo uleule, kwa vidole vilevile, ulikuwa kama mtu anayevuka tope: unakimbia, unakwama, unajivuta. Ukiusikiliza unachoka wewe.

Baba aliilaumu betri, akanunua nyingine. Akalaumu kaseti. Akasafisha kile kichuma cha ndani kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti, kama alivyoagizwa. Akasema ukuta unarudisha sauti, akatundika mablanketi na ngozi za ng'ombe chumba kizima mpaka tukawa tunarekodi ndani ya giza linalonuka zizi. Alihamia banda la mbuzi. Akafunga mbwa mbali. Akamtoa Bibi nyumbani mwake mwenyewe kwa sababu ya kukohoa, na Bibi akakaa chini ya mti akimtukana kwa Kikurya safi, kwa sauti ambayo mashine iliipata yote.

Tukairudisha kwa Mzee Shabani. Aliifungua, akaitazama, akarekodi sauti yake mwenyewe akihesabu moja mpaka kumi, akaturudishia tusikie. Kila namba ilikuwa wazi.

"Mashine ni nzima, bwana," alisema kwa upole. "Mgonjwa mtafute kwingine."

"Ile siku kwangu iliimba!" Baba alisema. "Sasa imezuia."

Alitumia neno hilo, kuzuia, kama tunavyosema kwa ng'ombe anayekataa kuachia maziwa. Njiani nikamwuliza ng'ombe anazuia kwa nini. Baba alikuwa amekasirika, lakini akiulizwa habari za ng'ombe hasira humshuka. Akanieleza kwamba ng'ombe huzoea mkono wa mtu. Amezoea kukamuliwa na mama fulani, mama huyo akisafiri, anabana maziwa. Hapo inabidi anayekamua avae nguo ya yule aliyeondoka, ng'ombe asikie harufu, ndipo aachie.

Basi mimi nikapata jibu. Lilikuwa wazi mno, nilishangaa watu wazima wawili pamoja na miwani wameshindwa kuliona. Mashine ilipolala kwetu mara ya kwanza, Mama alikuwepo. Ilimsikia. Ilimzoea. Sasa hayupo, nayo imebana. Nilitafuta kanga yake ya zamani aliyoiacha kwenye kamba, nikaivisha mashine, nikaifunga vizuri na kuilaza kitandani kwangu. Niliiambia pia maneno fulani ambayo sitayaandika.

Baba aliikuta asubuhi. Nilitegemea kofi. Alisimama mlangoni na litungu mkononi, akaiangalia mashine iliyovaa kanga ya mke wake.

"Inamtaka Mama," nikamwambia.

Alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kisha kikakatika katikati, na akageuka kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine. Kesho yake tulidandia lori la magogo ya kuegemezea kuta za mashimo, mimi, yeye, litungu, na mashine ikiwa bado ndani ya kanga. Aliwaambia majirani kwamba tunapeleka unga.

Ninajicheka nikikumbuka. Kumbe nilikuwa nimeuona ugonjwa wenyewe, ila nilikuwa nimekosea nani mgonjwa.

Machimboni palikuwa na kelele za kila aina, watu na majenereta na miziki kumi kwa wakati mmoja. Wanawake walikaa kwa safu chini ya turubai, kila mmoja na kinu cha chuma kati ya magoti yake na mtwangio wa chuma mkononi, wanaponda mawe mpaka yawe unga wa kwenda kuoshwa. Wote walikuwa weupe kuanzia nywele mpaka miguu. Niliwaangalia sikumjua hata mmoja. Ndipo nikasikia, upande wa kushoto: du, du, du, kituo. Du, du, du, kituo. Nikakimbia. Nilimkuta uso mzima umepakaa vumbi, na nilidhani ni unga wa muhogo, nikafurahi kwamba kumbe huku nako wanakula.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekula?" Mikono yake haikuacha. Akamwona Baba. "Mwita. Imeuzwa?"

"Bado," Baba alisema. "Nimeileta ikuone. Mtoto anasema inakutaka."

Wanawake wa karibu waliangua kicheko.

"Ni mtoto anayesema hivyo?" Mama aliuliza.

"Ni mtoto."

"Basi mimi sisimami. Mwenye mawe ananiangalia. Kama ni kupiga, piga hapo ulipo."

Baba alipindua debe, akakaa. Akatia mate kidole gumba, akakaza nyuzi, nami nikafunga kipaza sauti kwenye ukingo wa debe kwa kamba yetu ileile ya katani. Hakuniambia nisogeze watu. Hakuniambia nifunge mbwa. Nikabonyeza vitufe viwili, na litungu likaingia, na mara ya kwanza tangu mtamba auzwe nikausikia wimbo unatembea. Ulikuwa umesimama kwenye miguu yake. Wanawake walianza kuitikia kwa mabega bila kuacha kutwanga, na kijana mmoja aliyekuwa amebeba gunia alisimama nalo begani, akasahau kulishusha.

Kisha upepo ukainua vumbi, likanijaa machoni. Nikalia. Mama akaweka mtwangio chini, akanivuta magotini kwake, akachukua ncha ya kanga kunifuta.

Litungu likanyamaza.

Sikuona, macho yangu yalikuwa yamejaa, lakini nilisikia jinsi wimbo ulivyokatika. Mwanamke mmoja akampazia Baba sauti, kama wanaume wanavyoitwa kwetu, "Ee mura! Nyuzi zimekatika?" Baba alikuwa, kama Mama alivyonisimulia baadaye, amekaa mkono hewani, vidole vimekunjika, anasubiri wala hajui kwamba anasubiri. Mama alimaliza kunifuta, akashika mtwangio. Du, du, du. Na litungu likaingia palepale lilipoachia.

Tulipourudisha utepe tukasikiliza, Baba alipafikia pale palipo kimya, akarudisha, akasikiliza tena. Aliiangalia mikono yake. Kisha akachuchumaa karibu na Mama, karibu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa naye mchana mbele za watu.

"Mashine haikuwa mbovu," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Mwita, miaka yote ile mimi niko nyuma ya ukuta. Nikituliza jiwe, unatulia. Siku nyingine nilikuwa natuliza makusudi, nikuone utafanya nini." Mama alipangusa kipaji cha uso, akazidi kujipaka. "Ulikuwa unangoja kama mbuzi mlangoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kupiga."

Baba alifikiri. "Ningeacha," alikubali. Wakacheka wote wawili, na mimi nikakaa katikati yao na mashine mapajani, nikiwa na hakika kwamba kanga ndiyo iliyofanya kazi.

Kaseti ile haikuuzwa. Mzee Shabani alitoa nakala chache, wateja wakasema kelele za vinu zimezidi. Mama alirudi nyumbani wakati wa kupanda, mvua zilipokubali, na Baba hakuzungumza tena habari za biashara ya muziki. Jambo moja tu lilibadilika. Alichukua kigoda chake mbele ya nyumba, akakihamishia nyuma, kando ya jiwe. Majirani walipata cha kusema kwa msimu mzima.

Ila vumbi lile Mama alirudi nalo ndani. Mwanzo ilikuwa kikohozi cha asubuhi. Kisha jiwe likawa mara mbili na kituo, badala ya mara tatu, na Baba akapiga hivyohivyo, mbili na kituo. Kisha mara moja. Nilikuwa mkubwa kidogo kipindi hicho, narudi likizo kutoka shule, na kila nikirudi nilisikia wimbo umekuwa mfupi zaidi. Mama alipofariki, Baba alitundika litungu juu ya mlango, na wageni walipomwomba apige alisema nyuzi zimeoza. Nilipanda kigoda siku moja nikazigusa. Zilikuwa nzima kabisa. Nilimkasirikia wakati huo, nikaona anazidisha msiba. Sasa nimefika umri wake, nami nina mtu wangu wa upande wa pili wa ukuta, na nimeacha kumkasirikia.

Fundi mmoja hapa Mugumu ninapoishi amebadilisha mkanda wa mashine, akasafisha kutu, akaniuliza kwa adabu kwa nini nisitumie simu. Huwa naisikiliza mchana, watu wakiwa kazini. Litungu linaanza, vinu vinaanza, na katikati ya vyote naweza kumtoa Mama nikamweka peke yake: tatu na kituo, tatu na kituo. Namjua bila kumwona, kama siku ile. Halafu nasikia mtoto analia. Kinu kimoja kinanyamaza, litungu linanyamaza, na kwenye kile kimya, karibu kabisa na kipaza sauti kwa kuwa debe lilikuwa kando ya magoti yake, Mama anasema. Ndiyo maneno yake pekee yaliyobaki duniani, na si ya wimbo.

"Fumba macho, Bhoke. Usifungue mpaka nikuambie."

Nafumba. Nasikia kanga ikipita. Nasikia yule mwanamke akiuliza kama nyuzi zimekatika. Kinu kinaanza tena, Baba anaingia, wimbo unakwenda mpaka mwisho, na mimi nakaa vilevile, nimefumba, mpaka utepe unaisha wenyewe, kwa sababu kazi ilimshika Mama mikono akasahau, hakuniambia nifungue.